Kipimo

Yeny, uliniuliza kwenye simu ni kilo ngapi,
na upepo wa Asillo ukameza jibu.
Nimempa dereva wa basi karatasi hii.

Shayiri, kilo themanini kwa hekta.
Vicha, arobaini. Usizidishe.
Andika mlangoni kwa mkaa kama nilivyoandika mimi,
maana Novemba ikifika na mvua ya kwanza
kichwa hujaa mambo, na mkono hupenda kumwaga.

Zamani za baba mkwe wako ilikuwa shayiri peke yake,
imesimama wima kama wanafunzi siku ya bendera,
nyingi, ya manjano, haina kitu.
Ng'ombe walishiba na mbavu zikahesabika.
Julai, barafu ilipokaa kwenye ndoo hadi saa nne,
Paloma alitoa lita tatu, akanitazama
kama mtu anayenidai.

Kwa hiyo nikachanganya, sawa kwa sawa.
Nilidhani haki ndiyo hiyo.
Vicha ikapanda, shukrani haina,
ikajifunga kwenye mabua kwa vidole vyake vyembamba,
ikachanua zambarau, nikawaita majirani waje waone.
Usiku mmoja wa Februari ikanyesha mvua ya mawe.
Asubuhi shamba zima limelala kifudifudi,
chini yake mvuke, na harufu ya soksi za mchimba dhahabu.
Don Hermógenes akaegemea ukuta, kofia mkononi:
"Saturnina, umeotesha godoro."
Hakukosea. Ng'ombe walilikataa godoro.

Sasa sikiliza. Vicha ikifika magotini
ng'oa shina moja, moja tu, taratibu, na udongo wake.
Utaona vinundu mizizini, kama vipele vya mtoto.
Pasua kimoja kwa ukucha.
Kikiwa chekundu ndani, rangi ya ufizi, nenda kalale:
kazi inafanyika.
Kikiwa cheupe au kijani, nipigie tena.

Bwana shamba, yule kijana wa Puno mwenye viatu visafi,
aliniambia mna vijidudu humo
vinavyokamata hewa na kuigeuza mbolea.
Nikamwuliza nani anavilipa mshahara.
Akacheka, kumbe lilikuwa swali.
"Mmea unavipa sukari," akasema mwishowe.
Basi. Hata chini ya ardhi hakuna wa bure.

Na usiwaamini wanaosema vicha inailisha shayiri papo hapo.
Kidogo mno. Kilicho kingi hubaki udongoni
kungoja mazao ya mwaka unaofuata:
viazi vyako, pengine,
ambavyo havitajua nani aliwatangulia.

Kata wakati punje ya shayiri ukiibonyeza inatoa maziwa,
vicha ikiwa na maua juu, maganda mabichi chini.
Usingoje ndevu zikauke, zitachoma kinywa cha ndama.
Kata hata kama Wilber hajarudi.
Mwaka jana pia alisema Machi.
Kule juu mgodini hakuna kalenda, kuna theluji na ahadi.
Ni mwanangu, najua ninachosema.

Watakuja wa kukwambia shayiri ni mume na vicha ni mke,
kwa kuwa mmoja amesimama na mwingine ameegemea.
Waache waseme, wana muda.
Mimi miaka kumi na mmoja nimepima ndoo,
sikupima ndoa.
Lita tatu zikawa saba. Mwaka wa ukame, tano.
Hiyo ndiyo hadithi yote ninayoijua.

Nilitaka kusahau: themanini na arobaini ni za udongo wangu.
Wako una mawe zaidi.
Kwenye ile kona ya mtaro jaribu thelathini na tano,
na ukikosea, kosea padogo.

Mizani ninayo, ile ya sahani ya bluu.
Njoo uichukue Jumapili, uje na mtoto.
Paloma amezaa, kuna jibini.
Usilete kitu.
Leta gunia tupu.